Msimu Aliouchagua Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alizoea kuongea nami kupitia ukuta wa jikoni. Mimi niko ndani nasonga ugali, yeye yuko nje kwenye migomba, ameshika mwavuli hata kama jua linawaka, anakohoa mara moja ili nijue ni yeye.

"Mama Kemunto, uko?"

"Niko, Baba."

"Ng'ombe amekunywa maji?"

"Amekunywa, Baba."

Nasikia tu gambuti zake zikigeuka kwenye majani makavu, zinaondoka. Miaka yote niliyokaa Nyamira hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Nikitaka kumkumbuka, haki ya Mungu, kinachonijia kwanza si uso wake. Ni kile kikohozi.

Mimi ni mtoto wa ziwa, wa upande wa Kisumu. Nilipanda milima hii kutafuta kazi, nikapata ya kuuza safari za mbugani katika ofisi ndogo mjini Kisii, na katika kupata kazi nikapata na mume, mwalimu wa sekondari, mtoto wa huyu mzee. Ekegusii changu mpaka leo kinawachekesha watoto wa shule ya chekechea. Kwa hiyo mimi na mzee tuliongea Kiswahili, yeye chake cha shule ya zamani, mimi changu cha ofisini.

Na kazi yangu, ukiondoa simu na chai, ni kujibu swali moja: ni msimu gani mzuri wa kwenda mbugani? Naweza kulijibu nikiwa nimelala. Ukitaka nyumbu wanaovuka mto, nenda mbuga ya Mara kati ya Julai na Oktoba, lakini ujue mtapanga foleni ya magari kama siku ya soko. Ukitaka jua na nyasi fupi, simba asiwe na pa kujificha, nenda Januari au Februari. Ukitaka kijani kibichi, ndege wengi, bei ya chini na mbuga yote uwe nayo peke yako, nenda Aprili au Novemba, ila ukubali matope. Watu wananiuliza, nawajibu, wanakwenda, wanarudi na picha. Nimepeleka baba za watu wengi sana. Wangu mimi alikufa kabla sijaijua hata njia ya kwenda Mara.

Sasa fikiria: nyumbani kwangu, ng'ambo ya ua tu, kulikuwa na mzee aliyekaa mwendo wa asubuhi moja kutoka Mara na hajawahi kuikanyaga. Nikasema moyoni, huyu ndiye baba niliyebakiziwa, huyu nitampeleka. Nilifikiri ni jambo la wiki mbili. Yawa! Sikujua nashughulika na nani.

Mambo ya misimu, kijijini kwetu, yalikuwa yake. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, lakini watu hawakumjia kwa ajili ya maombi peke yake. Walimjia kuuliza lini. Lini nipande wimbi, lini niezeke nyumba, lini nipeleke posa, lini nimwachishe ndama. Alifumba macho, akainua kidevu kama anayenusa chakula cha jirani, halafu akatoa mwezi. Hakutoa sababu. Akitoa mwezi ametoa.

Na alikosea! Hilo ndilo lililonifurahisha. Jirani yetu wa upande wa chini aliambiwa Februari, Februari ni kukavu, ng'oa mabati ya zamani uweke mapya. Akang'oa. Siku hiyo hiyo alasiri mvua ikashuka kama imetumwa, makochi yakalowa, godoro likalowa, mpaka picha ya harusi ukutani ikalowa. Jirani akapanda kilima na nguo zikimchuruzika, akasimama mbele ya mzee bila salamu.

"Mzee, ulisema Februari!"

"Nilisema msimu ya kuezeka," mzee akamjibu, hana wasiwasi. "Mimi sikusema mvua imekatazwa."

Nilicheka jikoni hadi nikashika meza. Na mwezi uliofuata, huyo huyo jirani alirudi kuuliza lini apande maharagwe. Nilimuuliza mume wangu, hawa watu hawachoki? Akaniambia hapana, mtu akishapewa mwezi na mzee, anaanza. Bila hivyo angekaa tu akiangalia mawingu. Basi nikaelewa kidogo. Mzee hakuwa na elimu ya mvua kuzidi redio, na kusema kweli redio yenyewe ndiyo aliyoiamini kuliko mawingu yaliyo juu ya kichwa chake. Alichokuwa nacho ni ile sauti ya kumwambia mtu: enda.

Ila yeye mwenyewe, kwa mambo yake, hakuenda popote. "Subira huvuta heri," alipenda kusema kupitia ukuta. Nami, ulimi wangu haukai, nikamjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba." Nikasikia kikohozi ambacho si cha kuniita. Nadhani alikuwa anacheka. Sikuwa na njia ya kuhakikisha.

Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa, kwa hiyo mzee aliishi peke yake katika nyumba kubwa, na chakula chake kilikwenda kwa mkono wa Kemunto, binti yangu. Akiwa na Kemunto, lo, mzee alikuwa mtu mwingine kabisa! Walitaniana, walivutana masikio, alimwita "mke wangu mdogo", akamlalamikia kwamba uji umepoa kama penzi lao. Kicheko chao kilinifikia mpaka kwangu. Huko kwao babu na mjukuu hawana mipaka. Walikaa pamoja kutazama televisheni, na kama kuna vipindi vya wanyama mzee aliongeza sauti mpaka kuku wanakimbia.

Alikuwa anagombana nao. "Wewe simba mjinga, zunguka nyuma! Nyuma!" Fisi nao aliwatukana kwa Ekegusii maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Nyumbu nao aliwadharau: "Hawa wanakimbia kama watu wa Mosocho mvua ikikuta soko." Lakini akitokea chui, nyumba nzima ilinyamaza. Watu wa hapa kila ukoo una mnyama wake wanaomheshimu, na wao mnyama wao ni chui. Kemunto aliniambia babu yake huvua kofia chui anapopita kwenye kioo, halafu huivaa tena akishapita.

"Babu, si ni televisheni tu?"

"Usimtafute chui," alimwambia. "Chui ndiye anakuona. Wewe utamwona kama amekubali."

Alikuwa hajawahi kumwona wa kweli, maisha yake yote. Basi utanilaumu nikisema nilijua nitampa nini?

Nilianza na Agosti. Nikamwambia mume wangu amwambie, mume wangu akasema mwambie mwenyewe, wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Nikapeleka kijitabu cha picha kwa mkono wa Kemunto, chenye kambi nzuri, hema tatu zimepangwa kwenye ukingo wa mto, vitanda vya shuka nyeupe. Jioni nikasikia kikohozi.

"Mama Kemunto. Hizi nyumba ukuta yake ni ya nini?"

"Ni turubai, Baba. Lakini ni safi, kuna bafu ndani, maji ya moto."

"Turubai." Nikasikia ukurasa ukigeuka. "Na ziko karibu hivi?"

"Karibu kabisa, Baba! Tutakuwa pamoja. Ukikohoa tu tunakusikia."

Nikangoja. Mpaka ugali ukashika sufuria.

"Agosti kuna makambi ya kanisa," akasema, na gambuti zikaondoka.

Sawa, makambi ni makambi, Msabato hawezi kuacha. Nikasema Desemba. Desemba kuna tohara ya vijana, mzee gani anaacha boma? Januari ni kutayarisha shamba. Julai baridi itaniua. Oktoba wanalipa bonasi ya majani chai, lazima niwe hapa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, mimi nikabadilisha kambi nikidhani labda hazimpendezi. Kila niliyochagua ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na kila moja hema zake zilikuwa karibu zaidi, maana mimi, kichwa maji, nilikuwa nawaambia watu wa kambi: ni familia, tuwekeni pamoja pamoja.

Wakati huo huo nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo mengine. Nikipita njiani naye anakuja, aliacha njia na kuingia kwenye majani chai, akasimama huko anakagua jani moja mpaka nipite. Mkono wangu hakuushika hata siku moja. Nikiingia nyumbani kwake kuosha vyombo alitokea mlango wa nyuma. Kwetu ziwani pia tuna heshima za wakwe, najua, sikuzaliwa jana. Lakini mume wangu alikuwa ameniambia tangu mwanzo, "Hayo mambo ya zamani baba aliacha alipookoka. Ni mtu wa kanisa." Na jirani yetu, binti wa Kigusii kabisa, alikuwa anabebwa na baba mkwe wake kwenye gari moja kwenda kanisani kila Sabato, wanaimba nyimbo njiani. Sasa kama si mila, ni nini? Nikajijibu mwenyewe. Ni mimi. Ni ziwa. Huyu mzee hajawahi kunipokea.

Siku iliyoniua ni siku alipokuja mwenzangu wa ofisini, msichana kutoka Machakos, mcheshi, hamjui mtu hata mmoja Nyamira. Alikuja kunitembelea Jumapili. Baba mkwe alimwona getini, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwingiza sebuleni kwake, akamketisha kwenye kochi lake lile lile, wakakaa bega kwa bega wakitazama viboko kwenye televisheni. Vicheko! Mimi nimesimama kwangu nimeshika kitambaa cha vyombo, nasikia mzee akimwambia, "Wewe siku moja utanipeleka Mara."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, nikamwambia mume wangu jioni hiyo kwamba mimi nimechoka kuwa mgeni. Kama baba yako anaweza kwenda na mtu aliyemjua saa moja, na mimi niliyemzalia mjukuu, ninayempikia kila siku, ananikimbilia kwenye majani chai, basi boma hili si langu. Tutafute nyumba Kisumu. Wewe utafute uhamisho, mimi ofisi hazinishindi. Mume wangu ni mtu mpole, alijaribu kuniambia mzee ananipenda. Nikamuuliza, "Alikuambia?" Akainama kufunga kamba za viatu. Baba na mwana huko kwao hawaambiani mambo kama hayo.

Na kweli nilianza. Nilipiga simu Kisumu nikaulizia nyumba ya kupanga. Katoni mbili za vyombo nilishazifunga kamba.

Hapo ndipo alipofika shangazi. Ni dada mkubwa wa baba mkwe, ameolewa Mosocho, anauza ndizi sokoni, na ana mdomo usio na breki. Aliingia jikoni kwangu bila hodi, akaziona katoni, akakaa juu ya moja.

"Unaenda wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa sina la kupoteza, nikamwaga yote: Agosti, Desemba, makambi, majani chai, msichana wa Machakos kwenye kochi. Shangazi alinisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwenye hema alinishika goti.

"Ngoja. Ulimwambia alale kwa hema?"

"Hema nzuri, Shangazi! Kuna bafu..."

"Karibu na yako na bwana yako?"

"Karibu kabisa."

Alicheka. Jamani, mama yule alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, akapiga katoni makofi, akalia machozi, akajaribu kuongea akashindwa. Mimi nimekasirika hata zaidi.

"Wewe mtoto wa ziwa," akasema alipopata pumzi, "unataka kumuua ndugu yangu kwa aibu! Hema ni kitambaa! Usiku bwana yako akikohoa, mzee anasikia. Wewe ukigeuka kitandani, mzee anasikia. Na hayo mengine, si atayasikia? Baba mzima asikie nyumba ya mtoto wake? Heri alale na hao simba!"

Nikakumbuka maneno yangu mwenyewe kupitia ukuta: ukikohoa tu tunakusikia. Yawa, ningejificha wapi.

"Lakini mume wangu alisema aliacha hayo."

"Bwana yako anajua nini? Baba yake atamwambia namna gani? Hata hayo yenyewe ni aibu kumwambia." Akafunga kitambaa chake. "Sisi tunaita ensoni. Ni heshima, ni haya, vyote pamoja. Jirani yako hapo, baba mkwe yake ameamua ya kisasa, ni yake hiyo. Ndugu yangu hawezi. Hawezi kukushika mkono. Hawezi kula mezani na wewe. Hawezi kukuangalia unatembea."

"Na yule msichana wa Machakos?"

Shangazi aliniangalia kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua.

"Yule ni mgeni," akasema. "Mgeni hana ensoni, anakaa popote. Ndugu yangu angekuwa anakuona wewe ni mgeni, si mngekaa kochi moja zamani? Anakukimbia kwa sababu wewe ni wake. Ni mke wa mtoto yake. Hebu fungua hiyo katoni unipe kikombe, nina kiu."

Niliifungua. Nikammiminia chai ikafurika mpaka kwenye sahani. Sijui kama umewahi kubeba mzigo kwa miaka halafu mtu akakuonyesha kwamba ulikuwa ni mkoba wako mwenyewe wenye chakula chako. Nilikunywa chai na shangazi, nikacheka naye, nikalia kidogo, nikacheka tena. Zile mara zote mzee alizoingia kwenye majani chai zilinirudia moja moja, nami nikazipokea upya.

Halafu nikafanya kazi yangu. Mimi ni mtu wa misimu pia, ati! Nilikuwa namtafutia mzee msimu wa wanyama wengi, kumbe yeye alihitaji msimu wa watu wachache. Julai hadi Oktoba kambi zimejaa, hema hazina nafasi kati yake, meza ni za pamoja. Aprili je? Aprili ni masika. Mvua ya kumwaga, matope mpaka magoti, nyasi ndefu, wageni wamekimbia, kambi nyingine zinafunga kabisa. Ni msimu ambao ofisini hatumshauri mtu mwenye akili zake. Na shule zimefungwa, mume wangu yuko huru. Nikapiga simu kwenye kambi iliyobaki wazi. Wakaniambia mtakuwa ninyi peke yenu, chagueni hema mnazotaka. Nikazichagua.

Jioni ile nilisimama jikoni nikamngoja. Kikohozi kilipokuja mimi ndiye niliyeanza.

"Baba, Mara mwezi wa Aprili hakuna watu. Kambi iko tupu. Kuna hema ya kwanza huku mwanzoni na hema ya mwisho kule chini mtoni. Katikati hakuna mtu. Hata ukipiga baragumu halisikiki."

Nilisikia tone la maji likidondoka kutoka kwenye jani la mgomba.

"Na meza?"

"Mbili, Baba. Moja kila upande."

"Na gari?"

"Wewe mbele na dereva. Mimi kiti cha nyuma kabisa. Mwalimu na Kemunto katikati."

Nikangoja. Aprili majani chai yanatoka kwa wingi kuliko wakati wowote, kila mkono unahitajika shambani, na nilijua hiyo ndiyo sababu atakayoshika. Hakuishika.

"Aprili ni msimu mzuri," akasema baba mkwe wangu. "Nimekuwa nikiwaambia siku zote."

Basi tukaenda. Tulishuka kupitia Kilgoris na mvua ikitusindikiza, mzee mbele na mwavuli wake katikati ya magoti, anamuuliza dereva maswali ya kila mnyama tangu punda wa barabarani. Kambini mwenyeji wetu, kijana mkarimu wa watu, kwa kuona tuko wanne tu, alikuwa ameunganisha zile meza mbili nilizoagiza zikawa moja, akawasha mishumaa, akaweka kiti changu kando ya kiti cha mzee. "Familia moja, meza moja," akasema, amefurahi.

Baba mkwe alisimama. Yule kijana akaingiwa na hofu. "Mzee, kuna shida?"

"Hakuna shida," mzee akasema, anatazama mtoni. "Huyu ni mke wa mtoto yangu."

Hakueleza zaidi. Zamani kusimama kule kungenirudisha kwenye katoni zangu. Usiku huo nilibeba sahani yangu mwenyewe mpaka mwisho wa ukumbi wa chakula, nikakaa peke yangu na mshumaa wangu, nikala nyama, nikaongeza viazi, nikaongeza tena. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile. Mume wangu alitaka kuja kukaa nami nikamfukuza kwa mkono: niache, kaa na baba yako.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Tulitoka mapema, gari likiteleza kwenye matope, na kwa muda mrefu hatukuona kitu ila nyasi na swala waliolowa. Dereva akafungua paa, nami nikasimama kiti cha nyuma, kichwa nje, leso nimejifunga kiunoni. Tukaingia kwenye tope zito na gari likagoma. Dereva akazima injini aangalie magurudumu. Alipotazama kwenye kioo chake akakauka.

"Msipige kelele," akanong'ona. "Nyuma yetu. Kwenye ule mti. Chui."

Mume wangu na Kemunto wakageuka. Mimi bado sijageuka, kwa sababu nilikuwa namtazama mzee. Shingo yake ilikaza. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akakaa hivyo hivyo, anatazama kioo cha mbele chenye matope.

"Mzee, geuka!" dereva akamhimiza. "Utamkosa!"

"Mkia yake iko namna gani?" mzee akauliza.

"Mzee, si ugeuke umwone!"

"Wewe niambie tu. Inaning'inia?"

Ndipo nilipoelewa. Akigeuka tu, kitu cha kwanza machoni pake ni kiuno changu. Maisha yake yote alimngoja mnyama huyu, na sasa yuko pale mgongoni mwake, na kati yao nimesimama mimi na leso yangu. Na mzee alikuwa tayari kumkosa. Angeweza kusimuliwa mkia, akarudi Nyamira hivyo hivyo, bila kulalamika.

Niliteremka. Nikashuka kutoka kitini mpaka sakafuni, kwenye matope ya viatu vyetu, nikajikunja kati ya viti na kuvuta blanketi la gari juu ya kichwa changu.

"Kemunto," nikanong'ona, "mwambie babu yako mimi sipo."

"Babu, Mama hayuko," Kemunto akasema.

Nilisikia kiti cha mbele kikilia. Halafu sikusikia kitu. Kemunto aliniambia baadaye kwamba babu yake alivua kofia akaibana kifuani, na kwamba midomo yake ilikuwa inasema kitu polepole kwa Ekegusii. Mimi chini ya blanketi nilikuwa nasikia moyo wangu tu na harufu ya petroli, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kikohozi. Kimoja.

"Kemunto," mzee akasema, na alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nami nisikie, "mwambie mama yako ainuke. Mimi natazama mbele sasa. Chui ni wake pia."

Nikainuka. Mzee alikuwa ameshageuka, kofia bado mkononi, anatazama mbele kwenye matope. Nikampa mgongo. Chui alikuwa bado yuko juu ya mti, ananitazama.